Nilimwacha mzee wangu wa mazoezi, sasa nafungwa na kila mtu

SWALI

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 21, naishi Tanga. Mchana nauza duka la vifaa vya shule, jioni nacheza mpira wa meza. Nilianza nikiwa kidato cha pili. Ukumbi wetu una meza mbili, moja nzima na nyingine imevimba pembeni kwa kunyeshewa, kwa hiyo mwenye kuwahi ndiye anayeipata ile nzima.

Kwa miaka mitatu nilikuwa nafanya mazoezi na mzee mmoja mstaafu wa reli. Sisi tunamwita Mzee tu. Ana miaka sitini na kitu, magoti yanamsumbua, na smeshi, lile pigo la nguvu la kumaliza, hapigi. Upande mmoja wa kibao chake amebandika raba ya vipele virefu inayoharibu mchezo wa kila mtu, ndiyo maana wengi ukumbini hawapendi kukutana naye. Mimi nilikuwa naye Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kuanzia saa kumi na moja hadi adhana ya magharibi.

Mzee ana utaratibu wake na habadilishi. Kwanza fohendi (pigo la upande wa mkono ulioshika kibao) kwa fohendi, anahesabu kwa sauti mpaka hamsini. Ukikosa kwenye arobaini na nane mnarudi moja. Kisha bekhendi, pigo la upande wa pili, hamsini. Kisha napiga topspini (mpira unaozunguka kwenda mbele) yeye anazuia, halafu tunabadilishana, halafu ananigeuzia vipele. Gemu tulicheza moja au mbili mwishoni, siku nyingine hata hatuchezi kwa sababu giza limeingia. Sikufichi, nilikuwa nachoka. Zamu yangu ya kumzuilia ikifika, mara nyingi nilipiga mpira wa kumaliza ili tuendelee na mengine. Yeye hucheka, anasema "haya, umeshinda", anakwenda kuokota.

Mwanzoni mwa mwaka huu nikajuana na vijana wa chuo wenye meza yao. Wanacheza haraka, vibao vyao vizuri, na kila jioni ni mshindi anabaki, aliyefungwa anakwenda benchi na soda analipa. Jamaa mmoja aliyewahi kuchezea timu ya mkoa akaniambia ukitaka kukua cheza na wanaokushinda, huyo mzee anakurudisha nyuma. Nikahamia kule. Mzee sikumuaga. Mama alipoona siku hizi natoka kwa njia nyingine akaniambia, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Sikumsikiliza.

Baada ya miezi mitano niliingia mashindano nikijiona nimeiva. Mzunguko wa kwanza nikafungwa 3–0 na kijana wa kidato cha nne: 11–8, 11–6, 11–5. Kijana mwenyewe hakupiga smeshi hata tano. Anarudisha tu. Napiga wa kwanza anarudisha, napiga wa pili anarudisha, wa tatu natoa nje mwenyewe. Nilipotoka nikamkuta Mzee kwenye viti vya watazamaji. Sikujua kama amekuja. Akanipa chupa ya maji, akasema, "Mpira wa tatu umekukimbia," akaondoka. Sikuweza kumjibu kitu.

Mwalimu, ni kweli kwamba natakiwa kucheza na wanaonishinda tu? Na kama ni kurudi kwa Mzee, narudije? Naona aibu. Halafu kuna mtoto wa jirani, ana miaka 12, kila siku ananifuata na kibao chake cha mbao kisicho na raba anataka nimfundishe. Namkwepa, maana naona atanipotezea muda na mimi mwenyewe nimeshuka. Nakosea?

Mpiga Fohendi, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilisimama pale Mzee alipokupa maji. Umemwacha miezi mitano bila kumuaga. Yeye amejikongoja na magoti yake mpaka kwenye mashindano, amekaa akakutazama ukifungwa, na mwisho amekupa maneno manne. Hakukusuta, amekuonyesha tu pa kuanzia. Kwa kuwa siku ile hukumuuliza alikuwa na maana gani, nitakueleza mimi.

Gemu za mshindi anabaki zina raha yake, lakini hebu tupige hesabu. Gemu ikiisha 11 kwa 7 ni pointi 18. Vijana wanaopiga kwa nguvu humaliza pointi nyingi kwa sevu (pigo la kuanzisha), mpokeo na pigo moja, basi. Wewe unakuwa umegusa mpira mara mbili kwa kila pointi, ikizidi sana tatu. Tuseme mara 40 kwa gemu nzima. Ukifungwa unakwenda benchi, na kama mko sita unasubiri gemu nne ndipo zamu yako irudi. Hizo ni dakika ishirini na zaidi za kutazama wenzako. Jioni ikiisha umegusa mpira mara 150 hivi, na sehemu kubwa ni sevu na mipokeo. Pigo la tatu na la nne la mfululizo, ukiwa umeshasogea, mguu uko nje na mpira umerudi tena, huenda hukulipiga hata mara kumi.

Sasa rudi kwa Mzee. Fohendi kwa fohendi, kwa mwendo wa kawaida wa mazoezi, kila mmoja wenu anapiga mipira thelathini au zaidi kwa dakika. Toa muda wa kuokota, toa muda wa kupumua, bado robo saa moja tu inakupa mapigo mia tatu. Umewahi kujiuliza kwa nini akikosewa kwenye arobaini na nane anarudi moja? Arobaini na nane ndipo mtu anapoanza kuchoka na kutamani kumaliza, na hapo ndipo mkono unapofunzwa kutoharakisha. Kijana wa kidato cha nne alikupeleka hapo hapo. Hakuwa na haja ya smeshi. Alisubiri mpira wako wa tatu ambao kwa miezi mitano hakuna mtu aliyekudai.

Na wingi wa mapigo ni nusu tu ya habari. Meza ina urefu wa mita 2.74, mpira una gramu 2.7, na ukipigwa kwa nguvu unatoka kibao hiki mpaka kile kwa muda usiofika nusu sekunde. Katika muda huo hakuna mtu anayefikiri. Mkono unafanya ulichozoea. Ili uzoee lazima mpira uleule uje mahali palepale mara nyingi, leo ukisikiliza mguu wa kulia, kesho nyonga, keshokutwa kifundo cha mkono. Mpinzani hawezi kukupa mpira wa namna hiyo, kazi yake ni kukunyima. Anayekupa ni mwenzi wa mazoezi peke yake, na kuutoa kwa usahihi ni ufundi unaohitaji miaka. Mzee anao. Ulikuwa ukiona magoti yake, hukuona kwamba mpira ulikuwa unakufuata ulipo.

Huyo jamaa aliyekwambia ucheze na wanaokushinda hakukudanganya kabisa, ila amekupa robo ya maneno. Fuata ushauri wake mpaka mwisho uone unakofika. Kama kila mtu atataka wanaomshinda tu, basi yule anayekushinda wewe naye ana sababu gani ya kusimama mezani na wewe? Naye anamtafuta wake wa juu. Ukumbi mzima utakuwa unatazamana migongo. Wachezaji wangu mimi nimezoea kuwagawia siku zao hivi: sehemu moja na anayewazidi, sehemu moja na wanayelingana naye, na sehemu moja na aliye chini yao. Kwa wa juu unajifunza kuhimili kasi, kwa wa kulingana naye unajifunza kushinda pointi ya tisa na ya kumi, na kwa wa chini unapata nafasi ya kujaribu pigo ambalo bado hulijui bila kuogopa benchi.

Sasa niseme jambo ambalo hukuniuliza, na uniwie radhi. Umeandika kwamba zamu yako ya kumzuilia Mzee ikifika ulikuwa unapiga mpira wa kumaliza. Umeliandika kwa kupita, kama kitu kidogo. Mimi naona ndilo jambo kubwa kuliko yote katika barua yako. Kwanza, ulikuwa unamdhulumu. Yeye alikupa dakika zake kumi, wewe zake ukazikata kwa smeshi moja, na mtu wa miaka sitini mwenye magoti mabovu ukamtuma chini ya benchi kuokota. Pili, ulikuwa unajidhulumu mwenyewe, maana kumzuilia mwenzako ndiyo mazoezi ya kuzuia. Hakuna mengine. Unasimama karibu na meza, kibao mbele ya tumbo, umekishika kwa ulegevu kama ulivyoshika yai, uso wa kibao umeinama kidogo. Mpira ukigusa meza tu unaupokea ukiwa bado unapanda, husukumi, unaacha nguvu yake yeye imrudie, na unauweka pale pale, kwenye eneo lisilozidi sahani. Mara ishirini, mara thelathini. Anayefanya hivyo kwa miezi mitano anakuwa na mkono uliotulia. Mwanangu, yule kijana amekufunga kwa kazi uliyokuwa ukiikimbia. Yeye ana Mzee wake mahali fulani, na zamu ikifika anamzuilia mpaka mwisho.

Kazi hii ya kumwezesha mwenzako ina historia yake. Mwaka 1961 mashindano ya dunia yalifanyika Beijing. Kabla ya hapo Wachina walipata habari kwamba Wajapani wamebuni pigo jipya la topspini kali, mpira unaopanda kama upinde na ukigusa kibao chako unaruka juu. Hakuna Mchina aliyekuwa amelizoea. Basi wakatokea wachezaji wa timu yao wenyewe wakaacha mitindo yao waliyoijenga kwa miaka, wakajifunza lile pigo la Kijapani, wakawa wanawapigia wenzao kila siku mpaka wakalizoea. China ikaifunga Japani 5–3 katika fainali ya timu za wanaume, na Zhuang Zedong akachukua ubingwa wa dunia wa mchezaji mmoja mmoja. Hadi leo China ina watu wa kazi hiyo, wanaitwa peilian. Wapo wanaosomea mtindo wa mpinzani mmoja wa nchi ya kigeni, mkono wake, sevu yake, hata raba yake, ili bingwa wao akikutana naye aone mtu anayemjua. Watu wanataja meza nyingi za China na watoto wengi wa China. Mimi nikitazama timu ile huwa namtafuta yule aliyesimama upande wa pili wa meza siku za mazoezi.

Wala usiseme kwamba hayo ni ya nchi kubwa. Uswidi ni nchi yenye watu wachache, na mwaka 1989 mjini Dortmund waliifunga China 5–0 katika fainali ya timu za wanaume. Jan-Ove Waldner na Jörgen Persson walikuwa timu moja, na mwaka huohuo wakakutana wao kwa wao katika fainali ya mmoja mmoja, Waldner akashinda. Mwaka 1991 kule Chiba wakakutana tena fainali, safari hii Persson akashinda. Walinoana kiasi hicho. Tena Uswidi hiyohiyo ndiyo iliyotupa zoezi linaloitwa Falkenberg, kwa jina la mji mdogo wa pwani alikotoka Stellan Bengtsson, bingwa wa dunia wa 1971 akiwa na miaka 18. Nakupa ulifanye. Mwenzako anakuletea mipira miwili kwenye kona yako ya bekhendi: wa kwanza unapiga bekhendi, wa pili unazunguka haraka unapiga fohendi hapohapo. Wa tatu anaupeleka mbali kwenye kona ya fohendi, unaukimbilia, kisha mnaanza upya bila kusimama. Ukilitazama kwa haraka utadhani ni zoezi la miguu ya mpigaji. Jaribu kuwa yule anayezuia, upeleke miwili kona hii na mmoja kona ile, kwa kasi ileile, bila kukosa. Jioni ya kwanza utatoka jasho bila kusogea hatua mbili.

Nisisahau vipele vya Mzee, maana naona umeviandika kama ila. Raba ya kawaida inaushika mpira na kuubadilisha mzunguko. Vipele virefu vinapinda, haviushiki, kwa hiyo mzunguko uliouweka wewe unakurudia ukiwa kinyume. Topspini yako inarudi kama mpira uliokatwa, yaani unaozunguka kinyumenyume, na ulioukata unarudi umepoa au una topspini kidogo. Asiyejua anadhani ni uchawi. Anayejua anakumbuka alichokipiga yeye mwenyewe pigo moja kabla, na hapo anajua kinachokuja. Kwa kanuni, upande mmoja wa kibao lazima uwe mweusi na mwingine rangi nyingine, na kabla ya mechi una haki ya kukishika kibao cha mpinzani ukikague. Fanya hivyo kila mara, kisha tazama rangi wakati akigeuza. Ni Xialian, mzaliwa wa Shanghai anayechezea Luxembourg, anatumia vipele virefu. Alikuwa bingwa wa dunia kwenye timu ya China mwaka 1983. Katika Olimpiki ya Tokyo iliyochezwa 2021, akiwa na miaka 58, msichana wa Korea Kusini wa miaka 17, Shin Yu-bin, alimshinda kwa tabu 4–3. Paris 2024, akiwa na miaka 61, alishinda mechi yake ya kwanza, ndipo akatolewa na Sun Yingsha. Wapo vijana wengi ambao wangelipa fedha wapate mtu wa vipele virefu mara tatu kwa wiki. Wewe ulikuwa naye bure, akikusubiri saa kumi na moja.

Nina sababu ya kulisema hili kwa uchungu. Nilipokuwa shule tulikuwa na meza moja bwaloni na mipira miwili. Ilikuwa mipira ya zamani ya seluloidi, ukiukanyaga unabonyea. Tulikuwa tunautia kwenye kikombe cha maji ya moto mpaka ujae tena, tunausubiri upoe huku tunaupuliza. Kwa mipira miwili, kila kosa lilikuwa ni safari ya kwenda kuokota chini ya madawati, hivyo mwenzi asiyekosa alikuwa mali. Mwenzangu alikuwa msichana mmoja wa mkono wa kushoto. Siku moja, kesho yake nina mechi na mpinzani aliyenifunga mara mbili kwa sevu yake ndefu ya pembeni. Mwenzangu huyo alikwenda akamtazama anavyocheza, akarudi, akanipigia ile sevu tangu baada ya chakula cha jioni mpaka taa za bwalo zikazimwa. Bega lilikuwa linamuuma, naliona anavyolishika. Kesho yake nilishinda. Yeye hakuwamo kwenye timu, alinibebea mfuko. Nilimshukuru sana kwa mdomo, lakini sikuwahi kumpigia yeye sevu usiku mzima, wala sikumuuliza kama alikuwa anataka kuingia timu mwaka unaofuata. Naikumbuka ile sevu kuliko ushindi wenyewe. Ndiyo maana nakuhimiza wewe ambaye mwenzako bado yupo mtaani.

Sasa namna ya kurudi. Usimtumie ujumbe wa simu, na usimvizie ukumbini mbele za watu. Nenda nyumbani kwake baada ya alasiri, umwamkie, ukae unapoonyeshwa. Mkono mtupu haulambwi, lakini usipeleke kitu kikubwa kitakachoonekana kama malipo. Boksi moja ya mipira mitatu mizuri inatosha, ataielewa. Habari ya kufungwa usianze nayo, maana alikuwepo. Sema lako kwa ufupi: "Mzee, niliondoka bila kukuaga. Nimekosa. Naomba tuendelee, na safari hii nianze mimi kuzuia." Akikusema, msikilize mpaka amalize. Akinyamaza, nyamaza naye. Wazee wengi wa namna hiyo watakuuliza Jumatatu saa ngapi, hawatakuwa na hotuba. Lakini inawezekana pia magoti yamezidi, au amempata mwingine. Akisema hawezi siku tatu, omba moja. Akisema hawezi kabisa, endelea kwenda kumwamkia, maana hukwenda kwake kuchukua mazoezi peke yake.

Na akikubali, siku hiyohiyo muulize kitu kimoja: yeye anataka kufanyia mazoezi nini? Miaka mitatu umeniandikia utaratibu wake wote, sikuona mahali ulipomuuliza. Huenda anataka kurekebisha sevu yake. Huenda kuna mzee mwenzake anayemfunga kila Jumapili na hajawahi kumwambia mtu.

Vijana wa chuo usiwaache. Ungewaacha bila kuwaaga ungekuwa umerudia kosa lilelile. Nenda Jumamosi, cheza gemu zao, jifunze presha ya kubaki mezani wakati wanne wanakusubiri uanguke. Katikati yao mtafute mmoja mnayelingana, umwambie waziwazi: nipe robo saa nichague mimi zoezi, nami nakupa robo saa uchague wewe. Tumieni saa ya simu, msikadirie. Nimeona urafiki mwingi wa mezani ukivunjika kwa sababu kila mmoja alihisi anatoa zaidi kuliko anavyopata, na dakika hazikuhesabiwa. Asiyekubali biashara hiyo baki naye kama mpinzani tu, si vibaya. Siku usiyo na mtu kabisa, chukua mipira yote uliyo nayo upige sevu peke yako. Sevu ndilo pigo pekee lisilohitaji mwenzako.

Imebaki habari ya mtoto. Ndiyo, unakosea. Kwa jioni moja ya wiki, dakika ishirini, simama naye. Usicheze naye gemu. Chukua mipira kumi mkononi na kwenye ndoo, umrushie mmoja mmoja kwa kibao, polepole, wote kwenye upande wake wa fohendi, mahali pamoja. Utagundua kwamba mipira minne ya kwanza imekwenda mahali panne tofauti, na hapo ndipo faida yako ilipo: ukiweza kumpa mtoto mpira wa namna moja mara kumi mfululizo, utaweza kuuweka popote mbele ya kijana wa kidato cha nne. Halafu mpe sevu zako. Zitamsumbua, lakini mwambie kabla ni ya kukata au ya topspini, atazame kibao chako kinavyougusa mpira.

Kibao chake cha mbao kitamharibia mkono, kwa sababu mbao tupu haiushiki mpira. Ukibadilisha raba zako usizitupe. Zioshe kwa maji, zikauke kivulini, umkatie kwa kipimo cha kibao chake na umbandikie. Kwake zitakuwa mpya. Kisha Ijumaa moja mpeleke ukumbini kwa Mzee. Mkianza fohendi kwa fohendi, mwekeni kando ya wavu yeye ndiye ahesabu kwa sauti, na mkikosa kwenye arobaini na nane asiwaonee huruma.